Vikombe vya Kambi ya Sita

Kwanza kilisikika kikohozi. Kilikuwa kikavu na kifupi, cha mtu mzee asiyetaka kuwaamsha wenziwe. Kilitoka ardhini, kikapanda kwenye mpini wa mashine, kikamwingia Longino Ngonyani masikioni.

"Bati," alisema, akapiga goti.

"Takataka," alijibu rafiki yake Kikoti bila kugeuka. "Chimba, tia ndooni, twende mbele."

Mashine aliyoishika Longino iliitwa kisikiardhi. Ilikuwa nyepesi kama fimbo ya mchungaji, na mwisho wake palikuwa na sahani pana iliyopeleka mawimbi chini ya udongo. Kila aina ya madini iliyoguswa na mawimbi hayo ilijibu kwa namna yake, na akili mnemba iliyokaa ndani ya mpini iliyageuza majibu hayo kuwa sauti. Shaba iliimba. Chuma kiliguna. Fedha ilicheka kama mtoto anayetekenywa. Bati la vyombo vya zamani lilikohoa.

Watu wengine wa jiji la Korogwe walizimaliza Jumamosi zao wamevaa miwani ya ndoto, wamelala makochini, wakitembea katika bustani zisizokuwapo. Longino na Kikoti walipenda vumbi. Walichimbua kengele za baiskeli, bizimu za mikanda, vijiko, makufuli yasiyo na funguo. Longino alivisugua kwa brashi na kuwaza mkono uliovishika mara ya mwisho ulikuwa wa nani. Furaha yake yote ilikuwa hiyo, na aliyemfundisha alikuwa Kikoti.

Lakini hapa Kambi ya Sita Longino hakuja kwa furaha tu. Hapo zamani waliishi manamba, watu waliosombwa kutoka kusini kuja kukata mkonge, wakaitwa kwa namba kana kwamba mama zao hawakuwapa majina. Mkonge ulikuwa umekwisha, mabanda yalikuwa yameanguka, na sasa Shirika la Reli ya Anga lilitaka kupitisha hapo njia ya mrusho, ile reli ambayo behewa hukimbia juu yake, likizidi kukimbia, mpaka linajitupa lenyewe nje ya mbingu. Sheria ilikuwa moja tu. Reli ikikuta kaburi, ipinde.

Bibi Teodosia, aliyemlea Longino, alizaliwa kambini hapo, na mama yake alizikwa hapo. Mahali penyewe hakupajua tena. Pori lilikuwa limemeza kila kitu. "Mtafute mama yangu kabla reli haijampata," alimwambia mjukuu wake.

Longino alikuwa amemuuliza Kikoti kaburi hutafutwaje. "Misumari," Kikoti alimjibu. "Jeneza huoza, misumari hubaki. Sikiliza misumari iliyopangana urefu wa mtu. Mengine yote kusanya, yasikuchanganye." Viangazi vitatu Longino alisikiliza misumari, wala hakuipata.

"Mngoni hajui kutafuta," Kikoti alimchokoza sasa. "Babu zenu walikuja kutoka kusini mbio. Wangeona nini njiani?"

"Afadhali mbio zetu. Kwenu Iringa mbwa akisikia harufu ya kitunguu, anaomba uhamisho."

Walicheka mpaka visikiardhi vikawatetemeka mikononi. Walikuwa watani, Mhehe na Mngoni, tangu enzi babu zao walipochoka kuchomana mikuki wakakubaliana kutukanana tu.

Longino alikipangusa kikombe alichochimba. Kilikuwa na mdomo wa buluu na tundu kitakoni, kama vingine vyote walivyovipata pale. "Hiki nitapandia mrehani," alisema. "Tundu la maji kinalo tayari."

"Tia ndooni, bwana! Uchafu huo." Kikoti alinyoosha mkono akipore. Longino alimkwepa, akakitumbukiza mkobani huku akicheka. Ni nani asiyejua kwamba mtani humpora mtani? Hakuona kwamba safari hii mwenziwe hakucheka.

Bibi Teodosia alikuwa uani akichambua choroko kwa mkono, maana roboti la jikoni hakuliamini. Alikipokea kikombe, akakigeuza. Kidole chake kikaingia ndani, kikasimama penye tundu.

"Umekitoa wapi?"

"Kambini, Bibi. Kimeliwa na kutu."

"Kutu hula ovyo kama mbuzi. Hili limepigwa msumari kutoka ndani. Gusa, bati limechomoza nje." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Siku ya kumzika mama walitufungia. Mfiwa haruhusiwi kuona. Mimi nilichungulia ufani. Watani ndio waliochimba, ndio waliomshusha, amefungwa mkekani. Majeneza sisi tungeyapata wapi? Kisha mtani mmoja akachukua kikombe cha mama, akakitoboa, akakifukia kichwani pake. Kikombe kilichotoboka hakitumwi maji. Maana yake huyu amekwisha kutumwa, asitumwe tena huko aendako."

Longino aliketi chini kwenye udongo.

"Mmevitoa vingapi?" Bibi aliuliza.

Longino aliziona ndoo, moja baada ya nyingine, zikibebwa kwenda kwa Kikoti. "Watani gani hao, Bibi?"

"Wahehe. Aliyeshika nyundo alikuwa mzee Kikoti, babu yake huyo rafiki yako."

"Na hiki... ni cha mama yako?"

Bibi alikizungusha kiganjani. "Vyote vilikuwa vya shamba, baba. Vyote vilikuwa na mdomo wa buluu."

Jua lilikuwa bado kali Longino alipofika kwa Kikoti. Mlango ulikuwa wazi. Ndoo zilikuwa tupu, zimeoshwa, zimefudikizwa ukutani. Kikoti mwenyewe alikuwa amevaa koti jipya lenye nembo ya Reli ya Anga.

"Ulijua," alisema Longino.

"Keti kwanza, mdogo wangu."

"Babu yako ndiye aliyevitoboa! Ulijua tundu lile ni nini. Habari ya misumari ulinipa ya nini?"

Kikoti alishusha pumzi. "Ili ushughulike. Udongo wa pale ni mkali, mifupa uliila zamani. Kilichobaki kuonyesha walipolazwa ni vikombe tu. Shirika lisingeweza kuleta watu wake kuvichimba, wangeonekana. Lakini watu wawili na mchezo wao wa Jumamosi, nani atawauliza? Na wewe una sikio, Longino. Hakuna roboti lenye sikio kama lako."

"Kwa malipo gani?"

"Kiti. Behewa la kwanza la abiria." Macho ya Kikoti yalilowa, na hilo lilimchoma Longino kuliko uongo wote. "Nimeinama maisha yangu yote nikisikiliza udongo. Nilitaka kuiona dunia kwa juu, mara moja tu."

Longino alikiinua kisikiardhi chake. Mashine ile ilikumbuka kila mahali iliposikia kitu. "Nionyeshe vikombe vyote vya Kambi ya Sita," aliiamuru.

"Sijawahi kusikia kitu mahali hapo," mashine ilijibu kwa adabu.

"Nimefuta," alisema Kikoti. "Yako na yangu. Hicho ulichokichukua kilikuwa cha mwisho."

Longino alimpigia Mkaguzi wa Ardhi, ile akili mnemba yenye mabawa iliyoyapima mashamba yote ya reli. Ilimjibu papo hapo: ilikuwa imekwisha kupita juu ya Kambi ya Sita, na ardhi ilikuwa kimya. Alipokitaja kikombe, ilimsikiliza mpaka mwisho. "Chombo kilichotoka ardhini hakina anwani," ilisema. "Njia imeidhinishwa."

Majirani walikuwa wameanza kusogea mlangoni. Kikoti aliwaona, akajilazimisha kucheka. "Mngoni, basi tena! Mtani hanuniwi. Ndiyo mila."

"Kweli," alisema Longino. "Mtani hanuniwi." Alipaza sauti, mpaka waliokuwa barabarani wakasimama. "Basi nakupa ahadi, Kikoti, na hawa wote wasikie. Nenda juu ukaione dunia. Urudi salama, uishi sana. Lakini siku utakapokufa, mimi ndiye nitakayekuzika. Ni haki yangu, na hakuna mwanao atakayenizuia. Nitashika jembe, nitakulaza vizuri. Na watu watakaponigeukia niwachekeshe kama ilivyo desturi, nitawaeleza ulivyomfanya Bibi Teodosia asijue mama yake amelala wapi. Nitaeleza neno kwa neno. Na sitacheka."