Kabula na Kambare wa Chini ya Barafu

Kabula alikuwa na miaka saba. Aliishi Minesota, ng'ambo ya bahari, na huko yalikuwa majira ya baridi.

Nje kulikuwa na theluji. Mlangoni kulikuwa na viatu vizito. Viatu vya Mama vilikuwa vimelowa. Viatu vya Kabula vilikuwa vimelowa.

Viatu vya Bibi vilikuwa vikavu. Bado vilikuwa vipya, ndani ya boksi.

Bibi alikuwa ametoka Ukerewe, kisiwani, kwenye Ziwa Viktoria. Alikuwa na wiki tatu tu hapa. Wiki zote tatu alikaa kwenye kiti, karibu na hita.

Mama alipika wali. Bibi alikula matonge mawili, akasukuma sahani.

Mama alipika samaki wa dukani. Bibi alimtazama, akauliza kichwa kiko wapi. Akasema hawezi kula samaki asiyemjua sura.

Jioni moja Kabula alikuwa chini ya meza, akitafuta penseli. Akamsikia Bibi akimwambia Mama, "Mwanangu, nirudishe nyumbani."

Kabula aliipata penseli. Lakini hakutoka. Hakutaka Bibi aondoke.

Kisha akatoka. Akamuuliza Bibi anataka kula nini.

"Kambare, mke mwenzangu," Bibi akasema. "Mwenye kichwa chake na sharubu zake. Lakini huku maji yamekuwa mawe. Kambare atatoka wapi?"

Bibi humwita Kabula mke mwenzangu. Ni utani wao. Wanasema wote wawili ni wake wa Babu.

Kabula alifikiri. Juu ya ziwa la hapa kuna barafu. Chini ya barafu kuna maji. Ndani ya maji kuna kambare. Mama aliwahi kumvua mmoja, mwaka jana, pamoja na wenzake wa kazini.

"Nitakuletea," Kabula akasema.

Bibi akasema akimwona huyo kambare, atamla mpaka sharubu.

*

Jumamosi ilifika. Mama hakwenda kazini.

Mama alimwambia Bibi wanakwenda ziwani, upande wa shule. Akamwambia saa tisa alasiri watakuwa mlangoni. Bibi akageuza kiti, kikatazama saa ya ukutani.

Kabula alivaa soksi mbili mbili. Alivaa koti. Juu ya koti alivaa jaketi la kuelea.

Mama alimvika uzi shingoni. Kwenye uzi kulikuwa na misumari miwili yenye mipini. Mtu akitumbukia, huichoma misumari kwenye barafu na kujivuta nje.

"Tutaitumia leo?" Kabula akauliza.

"Hapana," Mama akasema. "Ndiyo maana tuna hiki."

Akamwonyesha kijiti. Kijiti kilikuwa na mstari mwekundu.

Walipakia vitu kwenye beseni refu la plastiki lenye kamba. Mtaimbo wa kugongea barafu. Keekee kubwa ya kuitoboa. Ndoo. Chai. Kamba ndefu. Na ufito mfupi wa kuvulia.

Ukingoni mwa ziwa, Mama alisimama. Wakasema sheria yao pamoja.

*Gonga. Toboa. Pima.*
*Barafu ikifika mstari mwekundu, tunakwenda.*
*Isipofika, tunarudi.*

Mama alitangulia. Kabula alifuata, hatua kumi nyuma.

Ngo. Ngo. Ngo. Mtaimbo uligonga, barafu ikajibu kwa sauti nzito.

Krrr, krrr, krrr. Keekee ilizunguka. Maji yakatokeza.

Mama alitumbukiza kijiti kwenye tundu. Barafu ilifika mstari mwekundu. Wakaenda.

Mbele kulikuwa na shimo la ziwa, mahali pa kina kirefu. Wakati wa baridi kambare hujikusanya hapo, wengi pamoja. Lakini njia ilipita karibu na mdomo wa kijito, pale kinapoingia ziwani.

Ngo. Ngo. Chwaa.

Mtaimbo ulipenya. Maji yakaja juu, meusi.

Kabula alisimama palepale. Mama alipima bila kusogea. Barafu ilifika nusu tu kuelekea mstari mwekundu.

Kabula alitazama mbele. Kwenye theluji kulikuwa na nyayo. Zilikatiza mpaka ng'ambo.

"Mama, kuna mtu amepita."

"Nimeziona," Mama akasema. "Simjui. Sijui alipita lini, wala alikuwa mzito kiasi gani. Nyayo hazipimi barafu."

Kabula alitaka kambare. Alimtaka sana. Machozi yalimtoka, yakawa baridi shavuni.

Lakini alikuwa amekwisha kuona kijiti. Akasema sheria mwenyewe, polepole.

*Barafu ikifika mstari mwekundu, tunakwenda.*
*Isipofika, tunarudi.*

Wakarudi, kwa njia ile ile waliyojia.

*

Bibi alichungulia ndani ya ndoo. Ndoo ilikuwa tupu. Akamwambia mke mwenzake akubali tu. Huku hakuna kambare.

"Yupo," Kabula akasema. "Barafu ndiyo imekataa. Jumamosi nitarudi."

Jumatatu, Bibi alitoa sanduku lake chini ya kitanda, chumbani alimolala na Kabula. Akaanza kukunja kanga.

Jumanne, Kabula alifungua mlango akatoa pua nje. Pua ikauma. Akasema vizuri, barafu inakua.

Jumatano, pua iliuma tena. Vizuri. Alhamisi, iliuma zaidi. Vizuri sana.

Ijumaa, kanga zote zilikuwa zimekunjwa. Kabula aliketi juu ya sanduku ili lisibebwe.

Bibi hakumwondoa. Alimwambia jambo moja. Akifika ziwani, ashushe ndoana mpaka matopeni. Kambare hulala matopeni. Bibi aliwavua tangu akiwa mdogo kama yeye.

"Matopeni," Kabula akasema.

"Matopeni kabisa," Bibi akasema.

*

Jumamosi, Bibi aligeuza tena kiti chake. Saa tisa, Mama akasema. Saa tisa, Bibi akaitikia.

*Gonga. Toboa. Pima.*

Ngo. Ngo. Ngo. Krrr, krrr, krrr. Barafu ilifika mstari mwekundu. Wakaenda.

Ngo. Ngo. Ngo. Krrr, krrr, krrr. Barafu ilipita mstari mwekundu. Wakaenda.

Mdomo wa kijito waliuzunguka kwa mbali. Mama alisema maji yanayotembea hula barafu kutoka chini. Ilikuwa njia ndefu. Kabula alivuta beseni njia nzima.

Walifika juu ya shimo la ziwa. Mama alitoboa. Kabula alichota vipande vya barafu kwa upawa wenye matundu, mpaka maji yakawa safi.

Alichomeka kipande kidogo cha samaki kwenye ndoana.

Chubwi.

Ndoana ilishuka. Ikashuka. Ikashuka. Kisha uzi ukalegea. Ilikuwa imefika matopeni, kama Bibi alivyosema.

Kabula alingoja. Ncha ya ufito haikusogea.

Walihama. *Gonga. Toboa. Pima.* Chubwi. Matopeni. Akangoja.

Ncha haikusogea.

Walihama tena. *Gonga. Toboa. Pima.* Chubwi. Matopeni. Mama alimpa chai. Akanywa, jicho likiwa kwenye ncha.

Ncha haikusogea.

Ilikuwa saa saba na nusu. Mama alisema saa nane wataondoka, kwa sababu Bibi anatazama saa. Alisema Kabula amejitahidi.

Kabula alisema bado nusu saa.

Alianza kuzungusha uzi ili aone chambo. Vidole vilikuwa baridi, hivyo alizungusha polepole. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu. Mara nne.

Ti.

Ncha ilitikisika kidogo tu. Kabula alisimamisha mkono. Lakini ilikuwa imenyamaza.

Akapandisha ndoana mpaka juu. Chambo kilikuwa kimejaa matope. Hakikuonekana hata kidogo.

Kabula alikitazama. Akakifuta.

Chubwi. Alishusha tena mpaka matopeni. Akangoja. Hakuna.

Akazungusha mara moja. Hakuna. Mara mbili. Hakuna. Mara tatu. Hakuna. Mara nne.

Ti.

"Mama," akanong'ona. "Hayuko matopeni. Yuko juu kidogo."

Mama alisema Bibi amesema matopeni. Hata yeye, akiwa mtoto Ukerewe, alishusha matopeni.

"Huyu hajawahi kufika Ukerewe," Kabula akasema.

Mama akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye theluji.

Kabula hakucheka. Mkono wake ulikuwa umetulia. Ti, ikasema ncha. Ti. Kisha ikainama polepole, kama mtu anayesinzia.

"Sasa," Mama akasema.

Kabula aliinua ufito. Chini kukawa na kitu kizito, kinachokataa kuja.

Zzzzz. Uzi ulitoka. Kabula aliuacha utoke. Uzi uliposimama, akazungusha. Zzzzz. Akauacha. Ukasimama. Akazungusha.

Mikono iliuma. Hakuachia.

Kichwa kilitokea kwenye tundu. Kilikuwa kipana. Kilikuwa na sharubu.

Mama alimshika kambare nyuma ya kichwa, mbali na miiba ya mapezi. Akamtoa. Alikuwa wa kijivu, tumbo jeupe, mrefu kama mkono wa Kabula.

 Mama alimkumbatia Kabula, majaketi mawili ya kuelea yakagongana. Pwaa.

Chubwi. Mizunguko minne juu ya matope. Ti. Wakapata wa pili.

Kabula alitaka wa tatu. Alijua wako wengi pale chini. Lakini saa nane ilikuwa imefika, na Bibi alikuwa anatazama saa.

Alikunja uzi mwenyewe. Wakarudi kwa nyayo zao.

*

Saa tisa kasoro dakika tano, mlango ulifunguka.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umeniletea mawe?"

Kabula aliweka ndoo miguuni pa Bibi.

Bibi alitazama. Aliinama, akagusa sharubu moja kwa kidole. Akagusa ya pili. 

Kisha akauliza kama kambare alikuwa matopeni.

Kabula alisema hapana. Alimweleza Bibi kila kitu. Chambo kilichojaa matope. Mizunguko minne. Ti.

"Kumbe," Bibi akasema. "Kambare wa huku halali matopeni?"

"Halali, Bibi. Baridi ikija, anainuka kidogo."

Bibi alitazama hita. Alitazama kiti chake. Alimtazama kambare.

"Basi na mimi niinuke," akasema.

Akainuka. Akaingia jikoni. Akaomba kisu, kitunguu na nyanya, akamfukuza Mama kutoka kwenye jiko lake mwenyewe.

Chwaaa, kikasema kikaango. Nyumba nzima ikanukia.

Bibi alikula matonge mawili. Akala matano. Kabula alihesabu mpaka kumi na moja, akaacha, kwa sababu na yeye alikuwa na njaa.

Bibi alikula kichwa. Akabakiza sharubu moja pembeni ya sahani. Kabula alimkumbusha kwamba alisema mpaka sharubu.

Bibi akaila. Akasema ina ladha ya uzi.

*

Kabula aliingia kitandani. Vidole vyake vilikuwa vimepata joto.

Bibi aliketi pembeni yake. Akauliza ndoana ngapi za akiba huchukuliwa, na chai hubebwa kiasi gani, na barafu inajulikanaje kama ni nzuri.

Kabula alijibu moja tu.

*"Gonga. Toboa. Pima.*
*Barafu ikifika mstari mwekundu, tunakwenda.*
*Isi..."*

Macho yake yalijifumba.

*"Isipofika, tunarudi,"* Bibi akamalizia.

Alizima taa. Alisukuma sanduku la kanga kwa mguu, likarudi chini ya kitanda.

Kabula, katikati ya usingizi, alisikia karatasi. Kwaru, kwaru, kwaru. Mtu alikuwa anafungua boksi.

Asubuhi alikwenda mlangoni kutazama.

Kulikuwa na viatu vya Mama. Kulikuwa na viatu vya Kabula. Na pembeni yao, kamba zikiwa zimekwisha kutiwa, kulikuwa na viatu vya Bibi.