Maiki ya Utepe na Vidole vya Babu

Kila siku nikitoka shule kazi yangu ilikuwa moja: kufagia chumba cha mama cha kurekodia. Kuta zake zilipigiliwa mablanketi mazito ili kelele za nje zisiingie, na vumbi la mablanketi hayo nililijua mimi na pua yangu. Mama alirekodi kwaya, matangazo ya maduka, hata watoto wa jirani waliojiona waimbaji. Lakini kazi aliyoiota ilikuwa kurekodi gitaa kavu, lile lisilotumia umeme, la babu, baba yake mzazi. Vidole vya babu vilikuwa vimeanza kukakamaa kwa maradhi, na daktari alisema vitazidi.

Kwa kazi hiyo mama aliagiza maiki ya utepe kutoka ng'ambo. Tuliingoja wiki saba. Ilipofika aliifungua taratibu, utadhani anamfunua mtoto mchanga.

"Ndani mna utepe wa alumini, mwembamba kuliko unywele," aliniambia. "Ndiyo maana inanasa sauti ya gitaa bila kuikwaruza. Lakini usiipulize, mwanangu. Pumzi tu inaukata. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Nilisikia, ila sikushika. Kesho yake mama alipokwenda sokoni, rafiki yangu alikuja tufanye hesabu. Akaiona maiki kwenye stendi yake.

"Hiyo nayo maiki? Mbona kama kopo la dawa ya mbu!"

Basi nami, kwa kupenda sifa, nikaisogelea kama mshereheshaji wa harusi. "Fuu! Fuu! Halo, halo!" Tukacheka mpaka mbavu zikauma, kisha tukarudi kwenye hesabu zetu.

Jioni mama aliijaribu. Kimya. "Nani ameigusa?"

"Si mimi, mama."

Aliniamini. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Aliwaandikia wauzaji kwamba wamemletea kitu kibovu. Wakamuuliza kama kuna aliyeipuliza. Mama akawajibu kwa ukali, "Nyumbani kwangu hakuna mtu wa hivyo!" Barua pepe zikaenda, zikarudi. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilichukua miezi miwili.

Kila Jumamosi babu alikuja na gitaa lake. "Vipi, maiki yako imepona," alimtania mama, "au nayo inaumwa vidole kama mimi?" Aliwahi kumwambia atumie maiki ya zamani. "Ile inakwaruza, baba," mama alimjibu. "Vumilia kidogo tu." Mimi nilikimbilia jikoni kuosha vyombo visivyo na uchafu.

Jumamosi moja babu alishindwa kukaza uzi wa gitaa. Alijaribu mara tatu, kisha akampa mama amkazie, bila utani wowote. Nikaangua kilio. "Mama, ni mimi! Niliipuliza!"

Mama hakunipiga wala kunifokea. Aliketi akawaandikia wauzaji kuwaomba radhi. Wakajibu siku ile ile: utepe mpya wataleta, na wangeuleta tangu mwanzo kama wangeambiwa ukweli. Ulifika baada ya wiki mbili, na fundi wa vyombo vya sauti akautia mahali pake. Maiki ikapona kabisa.

Babu akaketi mbele yake, akapiga wimbo wa ujana wake. Ulitoka mtamu, kila uzi unasikika. Ulipofika katikati, vidole vikagoma. Akajaribu tena, vikagoma tena. "Basi," akasema, akalilaza gitaa magotini.

Nilipiga magoti. "Nisamehe, babu."

"Nilishakusamehe, mjukuu wangu. Sasa msikilize mama yako."

Mama alizima mashine. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Kuharibu kitu ni makosa, na kila mtu hukosea," alisema. "Ungeniambia siku ile ile, ningekukaripia na yangeisha. Uongo ndio uliotula miezi yote ile. Utepe tumeuagiza ng'ambo, umekuja. Vidole vya babu yako tutaviagiza wapi?"

Wimbo ule tunao nusu tu mpaka leo.