Mguu Usitoke kwenye Breki

Gari letu lilikuwa linapiga kelele. Kila Ernest alipokanyaga breki, chuma kilisuguana na chuma. Majirani zetu wa mtaa wa Kikuyu, hapa Dodoma, walijua tunatoka nyumbani. Ernest, mume wangu, alikuwa na dawa yake. Aliongeza sauti ya redio.

"Baba Anitha, breki zinalia," nilimwambia.

"Ni vumbi tu. Vumbi la Dodoma si unalijua?"

"Vumbi halilii hivyo!"

"Basi, nitaangalia Jumamosi."

Jumamosi zilikuja na kupita. Nilichoka kusema. Ukimsema Ernest, anatabasamu tu, na tabasamu lile linaniudhi kuliko matusi.

Alhamisi asubuhi tulikuwa tunampeleka binti yetu Anitha shule. Hatujafika hata barabara kubwa, Ernest akakanyaga breki. Gari halikusimama. Akavuta breki ya mkono. Tukaenda kugota kwenye lundo la mchanga wa jirani anayejenga. Hatukuumia, lakini Anitha alifungua mlango akatoka mbio. Alikataa kabisa kurudi ndani ya gari.

"Jumapili tunamfuata mama yako Mpwapwa," nilisema. "Jumatatu ana kliniki ya macho. Ile miteremko utaishukaje? Kwa redio?"

Ernest hakutabasamu.

Majirani walitusaidia kusukuma gari hadi nyumbani. Gereji tunayoitegemea ilikuwa imejaa magari hadi wiki inayofuata. Ndipo nilipokwenda kwa Mwalimu Joha. Nyumba yake inatazamana na yetu, naye anafundisha ufundi wa magari chuoni. Ana sauti kubwa na hana subira na wazembe. Nilimpenda zaidi siku ile.

Jumamosi alikuja na vifaa vyake. Alifungua boneti akachungulia kopo la mafuta ya breki.

"Ernest! Mara ya mwisho ulitazama hapa lini?"

"Shemeji, kusema kweli..."

"Usiseme. Pedi za breki zikilika, mafuta hushuka. Yakishuka sana, upepo unaingia kwenye mipira ya kupitishia mafuta. Upepo unabonyea, mafuta hayabonyei. Ndiyo maana unakanyaga na gari halisimami."

Alikagua mipira yote. Haikuvuja. Kisha tukaanza kazi, yeye akiamuru, sisi tukifanya. Gari lilikuwa mahali tambarare. Tuliweka mawe kwenye magurudumu ya nyuma. Tulilegeza nati za gurudumu la mbele kwanza, ndipo tukapiga jeki.

"Jeki inanyanyua tu, haitegemewi," alisema. "Weka stendi za chuma. Jeki ikiteleza, gari litakulalia."

Tulitoa gurudumu, tukafungua kile chuma kinachobana diski. Joha alikifunga kwa waya ili kisining'inie kwenye mpira wake. Pedi za zamani zilikuwa zimekwisha kabisa. Alizishika mbele ya uso wa Ernest.

"Hili ndilo vumbi lako la Dodoma?"

Nilicheka hadi nikakaa chini.

Diski zilikuwa bado nzima. Tulirudisha ndani pistoni inayosukuma pedi, polepole kwa klampu, tukaweka pedi mpya. Tulifanya vivyo hivyo upande wa pili.

"Pedi hubadilishwa pande zote mbili," Joha alisema. "Ukibadilisha upande mmoja, gari litavuta upande. Na usipake grisi wala mafuta kwenye pedi."

Kisha akatuonyesha namna ya kutoa upepo. Alijaza kopo mafuta mapya ya breki, aina iliyoandikwa kwenye mfuniko. Alichomeka mpira mwembamba kwenye kinati kidogo cha gurudumu la nyuma, lililo mbali zaidi na kopo. Ncha ya pili ya mpira aliitumbukiza kwenye chupa yenye mafuta kidogo.

"Ernest anakanyaga, anashikilia. Wewe, Evodia, unafungua kinati, upepo unatoka. Unafunga. Ukishafunga, ndipo unamwambia aachie. Si kabla! Na kopo la juu lisikauke. Nakwenda kuangalia maharage yangu."

Tukaanza. Mimi nilichuchumaa kwenye gurudumu, Ernest akakaa kwenye usukani.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga!"

Nilifungua. Mapovu yakatoka. Mara nikasikia mlango wa gari unafunguliwa.

"Mbukwenyi, mzee!" Ernest alikuwa ameshuka, anaamkia kwa Kigogo. Mzee Matonya wa mtaani kwetu alikuwa anapita. Ernest alimwinamia, akamshika mkono kwa mikono miwili, akamuuliza habari za ng'ombe, za watoto, za mvua.

"Ernest! Sijafunga!"

"Mama Anitha, mtu mzima hasalimiwi umekaa."

Tulianza upya. Akapita mama mmoja mzee wa kanisani. Ernest akashuka tena. Akaja babu mmoja muuza zabibu. Ernest akashuka tena! Nilitamani kumrushia spana. Mume wangu ana heshima, nakubali, lakini siku ile heshima yake ilinitoa machozi ya hasira.

Joha alirudi akabonyeza pedali. Ikazama hadi chini.

"Mlikuwa mnafanya nini?"

"Muulize huyu! Anasalimia mtaa mzima!"

Joha alimgeukia. "Ernest, ukiachia kabla kinati hakijafungwa, gari linavuta upepo ndani. Kila ulipoinuka, uliurudisha upepo. Humu watapanda mama yako, mkeo na mtoto wako. Mguu wako ndio umewabeba."

Ernest aliinamisha kichwa. "Na wazee wakipita?"

"Wasalimie dirishani. Mimi nitakuombea radhi."

Joha alisimama langoni. Kila mzee alipopita, alimweleza. Mzee Matonya alirudi, akaambiwa. Akacheka, akasema, "Mwanangu, kaa hapo hapo. Hata mimi natembea kwa miguu barabara hiyo hiyo linapopita gari lako."

Tulizunguka magurudumu yote. Mapovu yaliisha. Pedali ikawa ngumu. Joha aliangalia kama kuna panapovuja, akafunga kopo. Ernest alijaribu gari taratibu uwanjani, bila abiria. Lilisimama kimya. Hata Anitha alikubali kupanda.

Jumapili jioni tulikuwa tunatoka Mpwapwa, mama mkwe kiti cha mbele, mimi na Anitha nyuma. Kwenye mteremko, kundi la mbuzi likamwagika barabarani. Ernest alikanyaga. Gari lilisimama, mbuzi wa mwisho akapita mbele yetu.

Mzee mchungaji aliinua fimbo yake. Mkono wa Ernest ukaenda kwenye mlango, kisha ukarudi. Akashusha kioo.

"Mbukwenyi, mzee!"

Alimuuliza habari za mbuzi, za nyumbani, za mvua. Niliuchungulia mguu wake. Ulikuwa umekandamiza breki, haukutikisika. Nikamwacha asalimie hadi achoke.