Soya Iliyokosa Giza

Kila asubuhi, kabla ya kuketi kwenye cherehani, Mama Cherehani hukagua soya yake nyuma ya nyumba. Mwaka huu, jamani, ilimtia uchungu. Majani tele, ua hata moja hakuna! Na alikuwa amepanda mbegu zote alizoachiwa na marehemu mama yake. Hakubakiza hata punje. Soya isipozaa, mbegu ile imekwisha.

Akamwita jirani yake, mfanyakazi wa kituo cha mbegu.

"Nimepalilia, nimetia mbolea. Sikubali ipotee mikononi mwangu," alimwambia.

Jirani alizunguka polepole. Nyuma ya tangi la maji akainama.

"Mbona mimea hii michache ina maua?" Kisha akatazama juu ukutani. "Taa ile huwaka usiku kucha?"

"Ndiyo. Mkwe wangu fundi umeme aliifunga, wezi wasije."

"Basi mwizi ni taa yenyewe. Sikiliza, dada. Ndani ya mmea kuna maagizo ya kurithi, yanaitwa jeni. Jeni moja husema, 'Sasa toa maua.' Soya yako hungoja giza refu lisilokatizwa. Likipatikana, jeni hiyo huamka ndani ya jani. Jani hupeleka ujumbe kwenye ncha, na ncha huacha kutoa majani, huanza maua. Taa inakata giza, jeni inabaki imelala. Hii michache imekingwa na tangi."

Mama Cherehani alishika kiuno. Kumrudishia mkwe zawadi yake ni aibu. Lakini mbegu za mama yake? Jioni ileile alimwita.

"Baba, usinielewe vibaya. Taa yako nzuri, ila soya inataka giza. Naomba uihamishe."

Fundi alijikuna kichwa. "Mama, ungesema mapema. Mimi najua nyaya, majani siyajui."

Akaihamishia mbele, kwenye mlango wa barabarani. Wiki nne baadaye soya ilichanua shamba zima, kisha ikajaa maganda. Mama Cherehani alifurahi mpaka akasahau kushona.

Siku ya kupura, binti yake alileta sufuria.

"Subiri," mama alisema. Akajaza chupa mbili za mbegu. Moja akaiweka kabatini, nyingine akampa jirani amtunzie kwake.

"Haya," akasema, "zilizobaki pikeni."