Salamu za Shimo la Mgiriki

Mwalimu Rodrick alifuata mkaa tu, hakufuata makubwa. Ilikuwa jioni moja ya mwezi wa tano, mwaka tisini na mbili, na ukungu ulikuwa umeshashuka mpaka kwenye migomba. Alisukuma baiskeli yake hadi kwa Bibi Ikupa, huko Kinyala, akasimama uani na kusalimia kama watu wa Rungwe walivyomfundisha.

"Ugonile, Bibi!"

Kimya. Ndani moto unawaka, na kivuli cha mtu kinacheza ukutani. Akarudia. Kimya tena. Rodrick alikuwa mtu wa Biharamulo, lakini miaka minne ya kufundisha Tukuyu ilitosha kumwonyesha kwamba Mnyakyusa akisalimiwa huitika, hata kama ana donda kooni. Mwishowe bibi alitoka na kibatari, akamshika mkono, akauminyaminya kama mtu anayechagua parachichi sokoni. Ndipo akasema, "Ndaga."

"Unisamehe, Mwalimu. Jioni mimi siitiki sauti. Naitika mtu."

Rodrick angecheka, ila macho yake yalikuwa yameshatekwa. Mlango wa bibi ulizuiwa kwa jiwe usijifunge. Jiwe la buluu, kubwa kama tofali, lenye michirizi myeupe, na mwanga wa kibatari ulipolipitia liliwaka kwa ndani.

Huyu mwalimu alikuwa mgonjwa wa mawe. Alifundisha jiografia, na sebule yake ilikuwa na rafu nzima ya mawe, kila moja limebandikwa plasta yenye jina. Zama za ruksa zilipoingia, maduka yakajaa, watu wakavaa mitumba ya Ulaya, na wenzake shuleni kila mmoja akashika lake. Huyu maandazi, yule kuku wa kisasa. Yeye alinunua nyundo. Wanunuzi wa madini walikuwa wameanza kupita Tukuyu na magari yao marefu, na Rodrick aliapa kwamba hatazeeka akisahihisha madaftari.

"Bibi, hili jiwe limetoka wapi?"

Bibi Ikupa alishusha kibatari karibu na jiwe. Alikuwa mwanamke mwenye huruma, na huruma yake ndiyo iliyoponza watu, maana alidhani kumweleza mtu ukweli ni kumzuia.

"Shimo la Mgiriki," alinong'ona. "Kule juu, msituni. Wakati wa Mwingereza. Liliporomoka likafunika wanaume kumi na wanane. Mgiriki mwenye mgodi akakataza wasifukuliwe, akasema kazi hiyo haina faida. Sisi ndugu tukawa tunakwenda pale mlangoni, tunaita... Mugonile? Wao wanaitika kwa ndani... Ndaga. Siku tatu wanaitika. Siku ya nne hawakuitika."

"Halafu?"

"Mwaka uliofuata Mgiriki alilifungua tena. Wakaingia watu sita. Humo ndani wakasalimiwa."

Ndani, moto ulipasua kuni. Rodrick aliruka kidogo, kisha akajikohoza.

"Watano waliitika. Wamelala mpaka leo. Aliyetoka ni mume wangu, na jiwe hilo. Alikuwa kiziwi, Mwalimu. Kiziwi kabisa. Lakini salamu ambayo hakuisikia ilimfuata mpaka hapa. Kila jioni, pale uani, miaka yote mpaka anakufa. Sauti za wale wale watano. Mimi nikajifunza kunyamaza." Akamshika tena mkono. "Usiende. Na ukienda, mwambie kila unayekwenda naye. Wakishaitikiwa na mtu mmoja wanatulia, wengine wanatoka. Lakini nani atakubali kuwa huyo mmoja?"

Rodrick alifunga mkaa wake kwenye baiskeli, akashukuru, akaondoka. Njia nzima alikuwa akijiambia kwamba yeye ni mtu aliyesoma, na haya ni maneno ya vikongwe. Aliyasema kwa sauti. Lakini kabla hajafika nyumbani, alikuwa ameshajibu swali la bibi.

Amoni.

Amoni alikuwa fundi baiskeli, kijana wa watu, mwenye adabu mpaka watu wanamtania. Walisema Amoni husalimia hata kuku, na akisalimiwa na redio anaitika. Alikuwa akivua kofia na kuinama kidogo kwa kila mkubwa aliyempita, mikono yake yote miwili imejaa grisi. Mama yake, Atuganile, ndiye aliyekuwa akiwaletea maziwa nyumbani, na alikuwa amekwisha kuwa kama mama wa Anneth, mke wa Rodrick.

Wiki ile Rodrick alipanga safari kama anavyopanga somo la mtihani. Alichora ramani. Aliandika kwenye daftari: nyundo mbili, patasi, kamba, tochi ya betri tatu, magunia manne, viberiti, viazi vya kuchemsha. Pamba aliinunua duka la dawa, wala hakuiandika. Amoni naye hakumwandika.

Na hakuamini, eti. Ukimuuliza angekuapia kwamba haamini. Basi kwa nini alimkataza Mwalimu Medard asiende, rafiki yake wa kuokota mawe tangu mwanzo, tena mtu mkavu asiyeitika salamu ya mtu? Alimwambia safari imeahirishwa.

Ijumaa, Atuganile alileta maziwa, akamkuta Anneth akifunga viazi kwenye kitambaa. Wakacheka pamoja, maana Anneth bado alikuwa akijifunza lugha.

"Mimi hii salamu yenu inanishinda," Anneth alisema. "Saa nane mchana mtu ananiuliza, umelala?"

"Ndiyo maana yake, mwanangu, lakini sisi tunaitika tu. Ugonile ni kwako peke yako. Ukisikia mugonile, hiyo ni ya heshima, au ni ya nyumba nzima. Mmoja akiitika ndaga, kaitikia wote waliomo."

"Hata mume wangu akiwa amenuna?"

"Huyo ndiye wa kumwitikia ndaga fijo, sana sana!"

Rodrick aliwasikia kutoka sebuleni. Alikuwa akinoa patasi.

Jumamosi asubuhi Rodrick na Amoni waliondoka. Mvua ilikuwa imekatika, ukungu ukabaki. Walipita mashamba ya chai, wakaingia msituni, Amoni mbele na panga, akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Saa sita mchana walifika. Shimo lilikuwa limejificha nyuma ya mianzi, mdomo wake mfupi, ukitoa hewa ya uvuguvugu. Rodrick alinusa. Haikuwa harufu ya udongo. Ilikuwa harufu ya blanketi la mtu aliyeugua muda mrefu, lisiloanikwa.

"Mwalimu," alisema Amoni, "huku wazee hawapendi watu waje. Mama anajua ni huku?"

"Anajua. Nilimuaga mwenyewe."

Uongo. Aliusema huku akifunga kamba ya kiatu. Kisha akageuka upande, akajaza pamba masikioni, akashusha kofia ya sufu juu yake.

"Masikio yananiuma na baridi," alieleza. Amoni akampa pole.

Waliingia wameinama. Hatua ishirini. Hatua arobaini. Kwa Rodrick dunia ilikuwa kimya kama chini ya maji. Aliona tu mwanga wa tochi na mgongo wa Amoni. Ndipo ukuta wa kushoto ukawaka buluu, kuanzia chini mpaka juu, na mwalimu akasahau kila kitu. Alipiga nyundo. Mawe yalimwagika miguuni pake kama mahindi yanayopukuchuliwa. Akajaza gunia, akacheka peke yake, machozi yakamtoka. Ilikuwa furaha ya kweli, hakuna wa kumnyima hiyo.

Alipoinua kichwa, Amoni alikuwa amesimama.

Amegeukia gizani.

Amevua kofia.

Rodrick hakusikia kitu. Aliona tu Amoni akiinama kidogo, mikono mbele, kama anavyoinama kwa kila mkubwa. Kisha aliona midomo yake ikicheza. Neno moja. Fupi.

Mwalimu alikuwa na muda. Hilo lisemwe. Alipoiona ile kofia ikivuliwa, alikuwa na muda wa kupiga kelele, wa kumziba kijana mdomo, wa kumvuta shati. Hakufanya. Alisimama na nyundo yake, akasubiri, kama mtu anayesubiri maji yachemke.

Amoni aligeuka akitabasamu. Akapiga miayo. Midomo yake ikasema kitu kirefu, na Rodrick, bila kusikia, alielewa: Mwalimu, nimechoka, nijilaze kidogo. Akachuchumaa, akalala chali. Pale chini, mwanga wa tochi ulionyesha, palikuwa na mashimo membamba ardhini, yamepangwa ubavu kwa ubavu, kila moja kwa urefu wa mtu. Amoni aliingia katika lake kana kwamba alipimwa.

Kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka. Alikuwa hai. Rodrick alimtikisa mara moja, akamvuta mkono. Mkono ulikuwa wa moto, lakini mwili ulikuwa umeshika ardhi kama kisiki. Na gunia nalo lilikuwa zito. Mtu mmoja asingeweza kuvuta vyote viwili.

Alivuta gunia.

Tochi pia aliichukua.

Kwa Atuganile alisema Amoni kakutana na vijana njiani, wamekwenda Chunya kutafuta dhahabu. Ni uongo uliokubalika, maana vijana wengi walikuwa wakienda hivyo bila kuaga. Mama hakulia. Aliendelea kuleta maziwa, na kila alipofika aliuliza jambo moja tu: "Alikuwa na koti, Mwalimu? Chunya usiku kuna baridi?"

"Alikuwa nalo," Rodrick alijibu. Na mawe ya buluu yalikuwa chini ya kitanda, yakimsubiri mnunuzi.

Usiku wa kwanza alilala vizuri, inasikitisha kusema. Jumatatu alipokuwa akinawa mikono ndipo maneno ya bibi yalipomrudia. Salamu ambayo hakuisikia. Lakini Amoni ameitika, alijiambia, na mmoja akiitika wanatulia. Akahesabu upya, kama anavyowahesabia wanafunzi alama. Wale watano waliitika pia. Na bado kiziwi alifuatwa mpaka kaburini.



"Anneth," alisema jioni ile, "mtu akisalimia hapo nje giza linapoingia, usiitike. Mtazame kwanza."

"Kwa nini?"

Hapo palikuwa pa kusema ukweli. Angeanza na Bibi Ikupa, angefika kwenye pamba, angefika kwenye kofia ikivuliwa... na Anneth angemtazama.

"Wezi," alisema. "Wanapima kama nyumba ina watu."

Anneth alicheka. "Hii Tukuyu? Halafu mama Atuganile akija nimnyamazie, na mwanawe hajulikani alipo? Aibu hiyo mimi sitaiweza."

"Anneth, nakuomba."

"Basi, nimesikia."

Alisema amesikia. Siku tatu ikawa shwari, na kila jioni Rodrick aliketi karibu na mlango, madaftari mapajani, bila kusahihisha hata moja. Mvua. Vyura. Mbwa wa jirani. Alianza kuamini kwamba amepona.

Alhamisi, ukungu ulishuka mapema, kabla hata ya saa kumi na mbili. Anneth alikuwa jikoni, uani, akigeuza ndizi kwenye sufuria. Rodrick alikuwa sebuleni, akiwasha taa. Ndipo alipoinusa. Blanketi la mgonjwa.

Kiberiti kilimdondoka.

Nje, karibu kabisa na ukuta, mtu alijikohoza kwa adabu, kama anayeona haya kusumbua. Rodrick aliijua sauti ile kabla haijasema neno. Sasa hakuwa na pamba.

"Mugonile?"

Alikimbia. Magoti yaligonga meza, mawe ya rafuni yakaporomoka, njia ya kufika jikoni haikuzidi hatua kumi, na alikuwa bado mlangoni alipomsikia mkewe akiitika kwa furaha, kwa sauti ya mtu anayempelekea mama wa watu habari njema.

"Ndaga! Ndaga fijo! Rodrick, njoo, Amoni karudi!"

Uani hapakuwa na mtu. Palikuwa na ukungu, na kofia imewekwa juu ya jiwe la kufulia, imekunjwa vizuri, ina alama za vidole vya grisi.

"Mbona hakai?" Anneth aliuliza. Aliweka mwiko chini. Akajifuta uso kwa kanga, polepole, akaegemea ukuta, akaanza kuteremka nao. "Rodrick... usingizi gani huu jamani... hebu geuza hizo ndizi..."

Mmoja akiitika, kaitikia wote waliomo.

Rodrick alipiga magoti, akamshika mkewe mabega. Alitaka kumwambia asilale. Alitaka kumwambia yote, tangu mkaa mpaka kofia, akemewe, achukiwe, lakini asilale. Alifungua mdomo.

Ikatoka miayo.