Tundu Kwenye Ua wa Refa

Apa kwanza. Weka mkono kifuani, sema haya hayatavuka mdomo wako hata ukinyimwa chakula. Umeapa? Haya. Na mimi niliapa vivyo hivyo kwa aliyenisimulia, nikatoa na machozi kidogo ili aniamini, na nilipofika nyumbani sikuvua hata viatu kabla sijampata wa kumwambia. Basi sogea karibu, na usinikate kauli.

Kulikuwa na fundi cherehani, mwanamke wa mkono mwepesi na ulimi mkali, aliyehama mjini na mumewe wakaenda kukaa shamba, kwenye nyumba yenye bustani kubwa. Mume alikuwa refa wa mpira. Refa hasa, si wa kubahatisha: akipuliza filimbi uwanja mzima unanyamaza, na mijibaba ya miraba minne inainamisha macho kama watoto waliovunja kikombe. Kisha kiharusi kikampiga. Upande mmoja wa mwili ukafa, ulimi ukawa mzito, ikawa Fundi ndiye wa kumlisha, kumwogesha na kumsukuma nje kwenye kiti cha magurudumu apate jua.

Refa alivumilia yote isipokuwa kuonwa. Siku ya kwanza alipotolewa bustanini, akiwa na kaptura tu na mate yakimchuruzika, kichwa kilichomoza upande wa pili wa mpaka. Kilikuwa cha jirani, mfuga kuku aliyeitwa Mama Kuku, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu kutoka mlima wa pili.

"Shikamoo, Baba Refa! Unaendeleaje? Mbona mguu mmoja umenywea hivyo?"

Refa alifumba macho. Usiku ule alitumia nguvu zake zote kumwambia mkewe maneno mawili. "Wasinione, mama."

"Hakuna jicho litakalokufikia," Fundi akamwambia. "Nakuapia, mume wangu."

Akapanda ua wa michongoma pande zote. Mwenye nyumba wa zamani alikuwa na ua wake, uliokwisha kukauka, na kwenye kona ya kisima aliacha pengo la kupita mtu mmoja. Mama Kuku alipomwona Fundi anachimba pale pia, alikuja mbio, kuku wawili kwapani.

"Mama, hapo usipande kitu. Waliotangulia waliacha wazi kwa sababu. Kuna wenye njia yao."

"Wenye njia yao, au wenye kuchungulia?"

"Mimi? Nichungulie nini kwako? Kuku wangu wenyewe siwamalizi kuwatazama!"

"Basi katazame kuku."

Ukiangalia vizuri, dada, hata wewe usingemsadiki. Mtu aliyeuliza habari za mguu ulionywea anakuja kukuombea uache pengo! Fundi akapanda, tena pale kwenye pengo akapanda maradufu, akamwaga na samadi.

Michongoma ya pale ndiyo iliyokua kuliko yote. Kwingine ilimfika kiunoni, pale ilishampita kichwa, majani meusi tii, na ndege hawakutua. Fundi alifurahi. Akamweka Refa uchi wa mgongo juani, akamkanda mafuta, akamwimbia. Refa hakutazama jua. Alitazama kona ya kisima, na kila kiti kilipoelekea huko alimbana mkewe kifundo cha mkono kwa ule mkono mzima, akitikisa kichwa.

"Tulia. Ua umefungwa pande zote, nani atakuona?"

Kisha asubuhi moja akakuta tundu.

Lilikuwa kwenye kona ile ile, usawa wa uso wa mtu aliyesimama, mviringo kama sahani ya chai. Matawi hayakuvunjwa. Yalikatwa, moja baada ya jingine, ukingo umenyooka kama pindo la shati la bwana harusi. Na pale palinuka nywele zilizoungua. Fundi aliinama akatazama kupitia tundu, na alichokiona upande wa pili ni banda la kuku, na Mama Kuku ameinama anaokota mayai.

"Nimekuona!" akapiga kelele.

Mama Kuku aliruka, yai likamponyoka. "Umeniona nini tena? Na wewe ndiye unayechungulia!"

Fundi akaziba tundu kwa gunia. Kesho yake gunia lilikuwa na tundu. Akaziba kwa bati, na bati halikuguswa. Tundu lilitoboka pembeni yake. Na jambo lililomtia wasiwasi hasa ni majani. Yaliyokatwa yalianguka upande wake yeye, ndani, kwenye udongo wake. Maana yake mtu aliingia.

Jioni alichukua mkasi wake wa kukatia vitambaa, ule ambao hata mumewe hakuruhusiwa kukatia kucha, akakuta makali yake yananata utomvu wa kijani. Mama Kuku ameingia mpaka chumbani! Amepita mbele ya mgonjwa aliyelala, akamtazama atakavyo, akachukua mkasi, akaurudisha! Tangu siku hiyo alifunga mlango kwa kitasa, na ufunguo akautia kifuani. Alinusa mashuka. Alipomwogesha Refa akakuta nyayo zake zina udongo mbichi katikati ya vidole, akasugua huku akilaani: yule mwanamke alimburuza chini? Alimfanya nini? Refa alilia, machozi ya jicho moja, akafungua kinywa na hakikutoka kitu ila pumzi, na pumzi ile nayo ilinuka nywele zilizoungua. Fundi akasema ni dawa za hospitali.

Uliza mimi ningefanya nini. Ningekimbia nikaacha sufuria jikoni. Yeye akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji.

"Nataka mashahidi," akasema. "Wengi. Nitamkamata mbele ya watu."

Jua lilipokuwa linazama watu walijaa nyuma ya nyumba, wamejibanza ukutani kama wanaocheza kujificha, wengine wakicheka chini chini. Fundi alishamlaza Refa, akamfunika, akafunga mlango, akaweka ufunguo mahali pake. Mwenyekiti alishika tochi. Wakangoja.

"Samahani," ikanong'ona sauti nyuma yao, "mnisogezee kidogo."

Alikuwa Mama Kuku, na stuli yake mkononi.

"Wewe unafanya nini hapa?" Fundi akauliza.

"Nimesikia leo nakamatwa. Nikaona si vizuri nikamatwe nikiwa sipo."

Mwenyekiti alitaka kucheka. Hakuwahi.

Kacha.

Kacha, kacha.

Sauti ilitoka kwenye kona ya kisima, taratibu, ya mtu asiye na haraka, na Fundi aliitambua kabla ya mtu mwingine yeyote kwa sababu ameisikia maisha yake yote ikipita kwenye kitambaa, akapeleka mkono kifuani akakuta ufunguo upo, una joto la mwili wake, akageuka akautazama mlango wa nyumba na mlango ulikuwa wazi, wazi kabisa, pazia linapepea wakati upepo haukuwepo, na harufu ile ikawajia wote kwa pamoja hata wakaziba pua.

"Mwenyekiti," Mama Kuku akanong'ona, kamshika mkono, "usiwashe tochi. Tafadhali, baba, usiiwashe."

Akaiwasha.

Refa alikuwa amesimama. Yule asiyeweza kushika kijiko alisimama wima kwa miguu yake miwili, ule mnene na ule ulionywea, yuko na kaptura tu, mkasi kwenye mkono ule ule uliokufa, na alikuwa amekwisha kukata nusu ya tundu na majani yamemwagika juu ya nyayo zake, na alipogeuka kuitazama nuru upande mmoja wa uso wake ulikuwa unacheka kwa meno yote na upande wa pili, upande aliokuwa akiutumia kumtazama mkewe, ulikuwa unalia.

"Mmenizibia," ikasema sauti, nyororo, isiyo na kigugumizi, wala haikuwa yake. "Nilikuwa napita tu. Mlipoziba nikatafuta pa kukaa. Na humu ndani mna giza, mama, sioni nje. Niache nitoboe."

Watu walirudi nyuma hatua moja kama mtu mmoja. Hakuna aliyekimbia; walikuwa wanatazama. Macho yote ya kijiji yalikuwa juu ya mguu ule, juu ya mate yale, juu ya mbavu zile, na jicho la Refa linalolia lilizunguka kutoka uso hadi uso, likaishia kwa mkewe, na Fundi akaelewa lilikuwa linaomba nini.

Akalivuta shuka kwenye kamba ya nguo.

"Msimtazame!" akapiga kelele, akakimbia mpaka pale, akasimama mbele ya mumewe, akawapa watu uso na mumewe akampa mgongo, akainua mikono miwili juu ya kichwa na shuka likashuka nyuma yake kama pazia, likamfunika mumewe mwili mzima. "Ni mume wangu! Geukeni! Nyote geukeni, nawaomba!"

Mwenyekiti alishusha tochi. Mama Kuku aliziba macho kwa viganja, ndiyo, huyo huyo, akawa wa kwanza kugeuka. Wengine wakaanza kufuata.

Kacha.

Fundi aliisikia karibu na sikio lake. Hakuweza kushusha mikono. Tochi ikapanda tena yenyewe mkononi mwa mwenyekiti, na mbele ya macho ya kila mtu ncha ya mkasi ikatokeza kwenye shuka, juu kidogo ya bega la Fundi, ikazunguka bila haraka, ikakata mviringo safi kama pindo la fundi, kitambaa kikadondoka chini, na kwenye tundu likaja jicho, kavu, halilii tena, likawatazama wote.