Chini ya Kilo Hamsini

Jioni hiyo nilitumwa kupima kreti moja tu. Kreti moja, kazi ya dakika kumi.

Ilikuwa Julai 1983, msimu wa pamba umekolea, na mimi nilikuwa dereva wa foklifti kwenye ghala moja la pamba jirani na stesheni ya Shinyanga. Mzee Donatus, mtunza ghala, alinikuta bombani nanawa mikono, nimeshavaa shati la kutokea. Kulikuwa na kreti ya pampu inayopelekwa Dar kutengenezwa, na ilikuwa haijapimwa. Bila uzito, urefu, upana na kimo, watu wa reli wasingeipokea.

"Fikirini mwanangu, nifanyie hilo moja," alisema. "Funguo hizi hapa."

"Mzee, haiwezi kungoja kesho asubuhi?"

"Kesho asubuhi treni itakuwa imeshaondoka."

Nilizipokea. Kijana wa mjini, miaka ishirini na minne, ningemwambiaje mzee mzima kwamba naogopa mashine yangu mwenyewe? Kwamba kwa wiki tatu nilikuwa sikai mle ndani peke yangu hata mchana?

Ndani mwanga ulikuwa umebaki kidogo, ukiingia kwa matundu ya mabati. Marobota ya pamba yalipangwa mpaka karibu na paa. Kimya. Niliwasha foklifti, nikanyanyua meno yake yakiwa matupu, kimo cha goti hivi, kama nilivyofundishwa, ili nihakikishe mshale wa geji umekaa kwenye sifuri kabla ya kubeba mzigo.

Mshale ulipanda.

Nilishuka, nikapitisha kiganja juu ya meno. Chuma kitupu, tena cha baridi. Nikarudi kitini. Mshale ulikuwa umesimama kati ya sifuri na alama ya kwanza, mahali ambapo hapakuandikwa namba yoyote.

Halafu ikaja harufu. Moshi... moshi wa kinyesi cha ng'ombe, kama jikoni kwa watu wasio na kuni. Ndani ya ghala la pamba, ambamo hata kiberiti hakiruhusiwi.

Harufu hiyo nilijua ni ya nani.

Niseme kwanza nilichofanya, maana nikiendelea bila kukisema nitakuwa nadanganya tena.

Foklifti ile ilikuwa na mizani yake. Ukinyanyua mzigo, mshale kwenye geji unakuonyesha kilo, huna haja ya kushusha robota na kulipandisha kwenye mizani ya chini. Fundi aliyekuja nayo alinifundisha mimi peke yangu, wiki nzima, na mambo mawili aliyarudia mpaka nikachoka kuyasikia. La kwanza, kila asubuhi ninyanyue chuma cha majaribio cha kilo mia mbili, nione kama mashine inasema kweli. La pili, geji ile ni ya mizigo mikubwa. "Kitu chini ya kilo hamsini haikioni," aliniambia. "Usiiulize."

La kwanza niliacha baada ya mwezi. Sina sababu ya maana ya kulitetea, ulikuwa uvivu na majivuno ya mtu anayejua mashine asiyoijua mwingine.

Ghala lilifagiliwa na Bibi Nyamizi, bibi kizee wa Kisukuma kutoka Ibadakuli. Mwembamba, mfupi, macho mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe, miaka na miaka. Pamba iliyomwagika aliruhusiwa kuiokota, akaijaza kwenye gunia lake. Siku moja kwa utani nililipandisha gunia lile kwenye meno ya foklifti. Mshale haukutikisika.

"Ng'wanawane!" Ndivyo alivyoniita siku zote, mwanangu. "Pamba yangu imekwenda wapi?"

"Bibi, mzigo wako ni mdogo. Mashine yenyewe haiuoni."

Alicheka mpaka akakaa chini. Toka siku hiyo akawa ananiita mwenye mashine kipofu, na akija na viazi vyake vya kuchemsha alinigawia.

Kisha uzito ukaanza kupungua. Robota lililotoka kiwandani na kilo mia na themanini, kwangu lilisoma mia na sabini. Kesho yake mia na sitini na tano. Nilipima kwa futi ya kamba: urefu uleule, upana uleule, na nyaya zake hazijaguswa. Makuli wakaanza kunong'ona kwamba kuna mtu anakula uzito wa pamba.

Mimi nilijua. Bomba dogo la geji lilikuwa linavuja. Kila asubuhi niliona doa la oili chini ya foklifti, na kila asubuhi nililifukia kwa mchanga. Ningesema, wangeniuliza mara ya mwisho nilipima lini kile chuma. Mficha uchi hazai, wanasema wakubwa. Mimi nilificha, na kazi ile niliipenda kuliko ukweli.

Maige, kiongozi wa makuli, alikuwa amemzika mwanawe mwezi ule kwa degedege. Mganga alimwambia atazame karibu na anakopatia riziki, atamwona mwanamke mzee mwenye macho mekundu. Hakuwa na haja ya kutafuta mbali.

"Nogi!" alimpigia kelele Bibi Nyamizi mchana mmoja, mbele ya watu wote. Mchawi. "Umemaliza watoto, sasa unakula na pamba!"

Siku hiyo Mzee Donatus alikuwa amekwenda Mwanza. Hapakuwa na mkubwa wa kusema neno. Bibi alisimama na ufagio wake, hakukimbia.

"Apimwe," Maige alisema. "Nogi hana uzito. Angekuwa nao, fisi angembeba vipi usiku?"

Watu wakaitikia. Kila mtoto wa huku amesikia habari za wachawi wanaosafiri juu ya fisi, na hoja ya Maige iliwaingia vizuri.

"Nipime, ng'wanawane," Bibi aliniambia. "Waone."

Akapanda mwenyewe kwenye meno ya foklifti. Akakaa, akaifunika miguu kwa kanga. Ningeweza kuzima mashine nikaondoka. Nilinyanyua.

Mshale haukutikisika.

"Soma!"

Aliyeruhusiwa kusoma geji ile ni mimi tu. Nilimtazama Bibi. Alikuwa anatabasamu. Alikuwa anangoja nicheke, niwaambie lile la gunia, na yeye acheke, na watu warudi kazini. Ilikuwa sentensi moja. Lakini sentensi hiyo ingezaa maswali kuhusu mashine, na maswali yangefika kwenye oili.

"Sifuri," nilisema.

Watu walirudi nyuma wakikanyagana. Mimi nilimshusha taratibu, kama mayai. Alipopita karibu na kiti changu aliinama kidogo.

"Waambie lile la gunia," alininong'oneza. "Si utawaambia?"

"Nitawaambia, Bibi. Jioni nitakuja kwako, nitawaambia hata majirani."

Sikwenda. Nilikula, nikajifunika shuka kichwani, nikajiambia watu wameshapoa. Asubuhi habari zikafika ghalani kwamba watu wenye mapanga waliingia kwa Bibi Nyamizi. Majuto ni mjukuu, wahenga walisema. Wangu alizaliwa alfajiri hiyohiyo.

Siku mbili baadaye nililikaza lile bomba, kwa siri. Uzito wa marobota ukarudi. Makuli wakasema, mnaona? Mchawi amekufa, pamba imepona. Maige alininunulia soda, na mwaka ule soda ilikuwa ya kutafutwa. Nilikunywa mpaka ikaisha.

Sasa nilikuwa nimekaa kwenye foklifti ileile, jua linazama, na mshale umesimama pasipo na namba.

"Nipime tena."

Sauti ilikuwa ndogo. Ilitoka mbele yangu, kimo cha goti, pale juu ya meno matupu.

Nilitaka kuruka. Miguu ilikataa. Mkono ndio uliokubali, ukavuta wenzo wa kushushia. Meno yakashuka... yakatua sakafuni kwa kishindo kizito, kishindo cha meno yaliyobeba. Nikanyanyua. Mshale ukapanda, ukasimama palepale.

"Soma."

"Bibi... hapana namba hapa..."

"Soma kwa sauti."

Niliukadiria kwa macho, kutoka sifuri, kuelekea hamsini.

"Thelathini na nane," nilisema.

Moshi uliniingia machoni yakaanza kutoka machozi, au nililia, sijui. Halafu nyuma ya marobota, kule mwisho wa ghala, nikasikia ufagio.

Shwaa... shwaa... shwaa...

Unafagia polepole. Unakuja.

Shwaa...

Nilikimbia. Mlango niliuacha wazi, injini inanguruma, kreti haijapimwa. Asubuhi Mzee Donatus alinisema mbele ya makuli wote, nami niliinamisha kichwa nikapokea kila neno. Hata nilitamani aendelee.

Fundi aliitwa, akafungua geji. "Hewa imeingia kwenye bomba," alisema. "Mshale lazima upande wenyewe. Kuna mtu aliligusa hili bomba?"

Nikasema sijui.

"Na moshi?" nilimuuliza. "Hewa inanuka moshi?"

Alinitazama, akacheka, akaniambia nipunguze gongo. Labda alikuwa anasema kweli kuhusu hewa. Mimi si fundi. Ila mchana ule nilipokwenda kuchungulia nyuma ya marobota, sakafu yote ilikuwa na vumbi la wiki tatu isipokuwa njia moja, nyembamba, safi, inayokuja mpaka ilipokuwa imesimama foklifti.

Jumapili nilipanda baiskeli kwenda Ibadakuli. Nilikuwa nimejaza upepo mwenyewe, magurudumu yote mawili, na keria ilikuwa tupu. Lakini nilikanyaga pedali kama niliyepakia mtu. Kila nilipogeuka nyuma sikuona kitu, ila tairi la nyuma lilikuwa limebonyea.

Mageni, mjukuu wa Bibi Nyamizi, alikuwa uani anaanika michembe, viazi vitamu vilivyokatwa, juu ya jamvi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, amefunga kitambaa cheusi kichwani.

"Habari za hapa, dada."

"Nzuri. Karibu."

"Poleni na msiba. Mimi naitwa Fikirini. Natoka..."

"Mwenye mashine kipofu," alisema.

Sikukaribishwa kigoda wala sikutegemea. Nilimwambia nikiwa nimesimama na baiskeli mkononi. Nilimwambia la gunia, la kilo hamsini, la oili na mchanga, na ile sifuri niliyoitamka. Hata soda sikuiacha. Yeye aliendelea kuvitandaza vile vipande vya viazi, kimoja kimoja, visigusane. Nilitaka anitukane. Nilitaka aokote kitu anipige nacho.

"Tulijua," alisema nilipomaliza. "Bibi alitusimulia siku ileile. Alikuwa anacheka."

"Alicheka?"

"Alisema mashine yenu haimwoni. Alituambia kuna kijana pale, mtoto mzuri, atakuja jioni kuwaeleza watu."

Sikuweza kumtazama. Nilitazama mikono yake.

"Mjomba alikuwa na lori la mpunga linakwenda Masumbwe," aliendelea. "Alikuja kabla ya magharibi amchukue, akakae kwa ndugu mpaka maneno yapoe. Bibi akakataa kupanda. Alisema ameahidiwa mgeni, na mgeni akija akikosa mwenyeji ni aibu."

"Dada..."

"Baadaye tukaona tochi njiani. Nyingi. Mimi nikamshika mkono, nikamwambia tutokee nyuma. Akautoa mkono wangu." Mageni aligeuza mchembe mmoja upande wa pili. "Akaenda kufungua mlango mwenyewe. Alidhani ni wewe."

Kuku walikuwa wanaparura pembeni mwa jamvi. Akawafukuza.

"Huyo Maige umeshamwambia?" aliniuliza.

"Bado."

"Na wenzake?"

"Bado, dada. Kesho nitawaambia."

Aliposikia hivyo ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza, kwa muda mrefu. Kisha akatazama keria ya baiskeli yangu, akaitikia kwa kichwa polepole, kama unavyomwitikia mtu mzima aliyekusalimu. Akaingia ndani bila kuniaga.

Sikuthubutu kupanda. Niliikokota baiskeli njia nzima mpaka mjini, na penye mchanga nilisukuma kwa nguvu zangu zote. Nilipofika karibu na stesheni makuli walikuwa wamekaa kivulini wanacheza bao, maana behewa lilikuwa limechelewa. Walikuwepo wote. Maige aliniona, akaniinulia mkono.

Nami nikamwinulia wangu, nikapita.